Kuwinda kindi kwenye ardhi ya umma Marekani: ruhusa tatu kabla ya risasi ya kwanza

Mkenya aliyehamia Marekani anatoka nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Akimwona jirani anaondoka alfajiri na bunduki begani, wazo la kwanza ni kwamba huyo bwana anatafuta kesi. Mkongomani wa Kivu au Katanga amezoea kuona nyama ya porini sokoni, kwa hiyo anashangaa kuambiwa kwamba huku mnyama unaweza kumwinda ila nyama yake huruhusiwi kuiuza hata kwa dola moja. Mtanzania analijua neno kibali, na WMA, yaani eneo la kusimamia wanyamapori, anaijua pia, lakini WMA anayoijua ni eneo linaloendeshwa na vijiji. Akikuta kibao chenye herufi hizo hizo kando ya barabara ya Kentucky anadhani ni kitu kile kile, kumbe sicho.

Nitatumia Kentucky kama mfano makala nzima. Kiswahili kinasikika sana Louisville, Lexington na Bowling Green, hasa kwa sababu ya familia nyingi za Kikongo zilizopewa makazi huko. Tena ni jimbo la misitu ya mialoni na mihikori (hickory, miti yenye kokwa ngumu), na penye miti hiyo ndipo kindi walipo. Ukiwa Ohio, Indiana, Tennessee au Missouri, tarehe na ada zitabadilika, lakini mfumo ni ule ule.

Kinachowakwamisha watu wengi si uwindaji wenyewe. Ni kwamba mambo tunayoyachukulia kuwa kitu kimoja yana wenyewe tofauti. Mnyama ni wa jimbo. Ardhi ni ya yule anayeimiliki, na hata ikiwa ya umma ina taasisi yake na masharti yake. Bunduki iko chini ya sheria za jimbo, lakini juu yake kuna sheria ya shirikisho, na hiyo haimtazami mhamiaji kama inavyomtazama raia. Leseni ya kuwinda haikufungulii ardhi. Ardhi kuwa wazi hakumfanyi mnyama awe wa bure. Na hivyo vyote viwili havisemi lolote kuhusu haki yako ya kushika silaha. Ukivitenganisha hivi vitatu kichwani, sehemu kubwa ya mkanganyiko inaisha.

Mnyama

Katika sheria za Marekani, mnyama wa porini si mali ya mwenye shamba analopita. Ni wa wananchi wote, na serikali ya jimbo inamtunza kwa niaba yao. Kindi akipanda mti wa uani kwako, mti ni wako lakini kindi si wako. Ndiyo maana leseni inatolewa na jimbo, na kwa Kentucky mtoaji ni Idara ya Samaki na Wanyamapori. Leseni hiyo inaishia mpakani: ukivuka kuingia Tennessee unahitaji ya Tennessee, na mgeni wa jimbo hulipa zaidi sana kuliko mkaazi. Jambo jingine linalowapotezea watu fedha ni kalenda. Mwaka wa leseni wa Kentucky unaanza tarehe 1 Machi. Ukinunua katikati ya Februari, umenunua majuma mawili.

Katazo la kuuza nyama lina historia nzito, na ni vizuri kuijua badala ya kuliona kama ukali usio na sababu. Katika karne ya 19 wawindaji wa biashara walijaza mabehewa ya treni nyama ya porini na kuipeleka mijini. Njiwa msafiri, ndege aliyekuwa akiruka kwa makundi yaliyofunika anga, aliwindwa na kukatiwa misitu hadi akatoweka kabisa. Wa mwisho alikufa tarehe 1 Septemba 1914 kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati, ng'ambo tu ya mto Ohio kutoka Kentucky. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilikuwa imeshaanza kubana biashara ya wanyama waliopatikana kinyume cha sheria, na majimbo yakafuata kwa kuifunga biashara ya nyama pori. Unaweza kula mawindo yako na kumgawia jirani. Usiweke bei. Mkia wa kindi ni suala jingine: kampuni ya Mepps ya Wisconsin imekuwa ikinunua mikia kwa miaka mingi kwa ajili ya kutengeneza chambo cha kuvulia samaki, pale sheria ya jimbo inaporuhusu.

Fedha nazo zina njia yake. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kila bunduki ndefu na kila pakiti ya risasi hutozwa kodi ya asilimia 11 kiwandani, na fungu hilo hurudi kwa majimbo kutunza wanyamapori na kufundisha wawindaji. Mafunzo yenyewe ni lazima. Kentucky inamtaka kila mwindaji mwenye umri wa miaka 12 na kuendelea, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, awe na kadi ya kozi ya uwindaji. Ukiipata mara moja inakubalika majimbo mengine pia. Kwa anayetaka kuonja kwanza kuna kibali cha muda kinachomruhusu kuwinda bila kozi, mradi aongozane na mtu mzima aliyetimiza sharti. Mimi namshauri kila mtu asome kozi hata kama umri wake unamsamehe, kwa sababu ndimo utakapofundishwa kuvuka ua ukiwa na bunduki, na hilo si jambo la kujifunzia njiani.

Msimu wa kindi wa Kentucky hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti na kuendelea hadi mwisho wa Februari, ukikatika siku chache Novemba wakati wa kufungua msimu wa kulungu kwa bunduki. Kuna mwingine mfupi unaoanza Mei. Kikomo ni kindi 6 kwa siku kwa kila mwindaji. Tarehe kamili ziko kwenye mwongozo wa mwaka husika, unaotolewa bure na idara. Usome wa mwaka huu, si wa mwaka jana.

Je, hatuwamalizi? Wenyeji wengi wa kwetu wanauliza hivyo, na ni swali la haki. Kindi wa kijivu huzaa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa baridi na tena kiangazi, watoto wawili hadi wanne kwa kawaida. Wengi hufa kabla ya mwaka kupita, wakiwindwa au wasiwindwe, kwa njaa, bundi, mwewe na magonjwa. Kinachoamua idadi yao zaidi ya yote ni mavuno ya miti. Mwaka mialoni ikizaa vizuri, mwaka unaofuata msitu umejaa. Ikikosa kuzaa, wanapungua hata pasipo mwindaji mmoja.

Ardhi

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu "ardhi ya umma" ni jina la vitu vingi. Chukua Jumamosi moja ya Septemba, uko Bowling Green, leseni mfukoni.

Karibu nawe kuna Mammoth Cave, penye pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Ni ya umma, ina msitu mzuri, kindi tele. Lakini ni hifadhi ya taifa, na kuwinda humo ni marufuku. Kanuni ya jumla ni hii: ukiona maneno hifadhi ya taifa, acha bunduki nyumbani, isipokuwa umesoma kwa macho yako kwamba eneo hilo limeruhusiwa.

Upande wa kusini-mashariki kuna ziwa la Barren River, lililotokana na bwawa la Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Sehemu kubwa ya ardhi inayolizunguka inasimamiwa na idara ya jimbo kama WMA, yaani eneo la jimbo la kusimamia wanyamapori, na leseni ya kawaida inatosha kumwinda kindi humo. Ukielekea kaskazini-magharibi utafika Peabody, WMA kubwa iliyokuwa machimbo ya makaa ya mawe. Huko unadaiwa kibali cha ziada cha mtumiaji juu ya leseni. Mbali zaidi magharibi kuna Land Between the Lakes, ekari 170,000 katikati ya maziwa mawili, chini ya Huduma ya Misitu ya Marekani, nayo ina kibali chake. Kwa hiyo leseni ni moja, siku ni moja, na majibu ni manne: hapana, ndiyo, ndiyo kwa kibali, na ndiyo kwa kibali kingine. Hata ndani ya WMA kuna siku zinazotengwa kwa wawindaji waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na wewe usiyechaguliwa unakaa nje. Kila eneo lina maelezo yake kwenye mwongozo. Yasome kabla ya kutia mafuta.

Mashariki ya jimbo kuna msitu wa taifa wa Daniel Boone, na huo unahitaji onyo lake. Kwenye ramani nyingi umepakwa kijani kibichi eneo linalozidi ekari milioni 2. Ardhi ya serikali humo ndani ni ekari 700,000 na ushei. Zilizobaki, karibu theluthi mbili ya kijani chote, ni mashamba na misitu ya watu binafsi iliyochanganyikana na ya serikali, bonde hili la umma na linalofuata la familia fulani. Mgeni anayeamini rangi ya ramani anaweza kuingia kwa mtu bila kuona ua wala kibao.

Tiba yake ni ramani inayoonyesha mmiliki wa kila kipande. Programu za simu kama onX Hunt hufanya hivyo kwa malipo, na Huduma ya Misitu hutoa ramani zake bila malipo. Ipakue ramani nyumbani, maana ndani ya mabonde yale mtandao hupotea. Ukiwa msituni angalia pia miti: katika majimbo kadhaa, Missouri na Texas yakiwemo, mstari wa rangi ya zambarau kwenye shina una nguvu ile ile ya kibao cha kukataza kuingia. Mtu asiyejua anaupita akidhani ni alama ya wakata mbao. Kindi wako akiangukia upande wa mwenye shamba, ombeni ruhusa kwanza. Wengi hutoa wakiombwa kwa adabu, na wengine hapo ndipo wanapokualika kuwinda kwao.

Ndani ya msitu wa taifa kuna umbali wa kushika kichwani. Huruhusiwi kufyatua ndani ya yadi 150, kama mita 137, kutoka kwenye nyumba, kambi au eneo lenye watu, wala kufyatua kuvuka barabara ya msitu au maji.

Utakutana na askari wa wanyamapori, na hilo lisikutie hofu. Ana mamlaka ya kukagua leseni, kadi ya mafunzo, bunduki na idadi ya ulichoua. Msalimu, mwambie bunduki iko wapi na kama ina risasi, mdomo wa bunduki ukielekea chini na mbali naye, kisha subiri akuelekeze. Watu wengi waliotoka kwenye vita wana sababu ya kuogopa sare msituni. Hapa mazungumzo hayo kwa kawaida ni ya dakika chache na huishia kwa kuulizwa kama umeona kindi.

Bunduki

Sehemu hii ni ya kusomwa polepole, kwa sababu kosa lake linaweza kumgharimu mtu makazi yake. Sheria ya shirikisho inataja watu wasioruhusiwa kumiliki au hata kushika bunduki au risasi. Wamo waliohukumiwa kwa makosa makubwa yanayobeba kifungo cha zaidi ya mwaka, na waliopatikana na hatia ya ukatili wa nyumbani hata ikiwa kesi ilikuwa ndogo. Wamo pia walioko nchini bila uhalali, na wenye viza za muda kama za masomo na utalii. Kwa hawa wa viza kuna msamaha, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa Marekani. Mkimbizi aliyepokelewa, aliyekwisha kupewa hifadhi ya kisiasa, na mwenye grini kadi hawamo kwenye katazo hilo la uhamiaji.

Anayebaki njia panda ni yule ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa. Ndugu yangu, usiguse bunduki kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji, wala usikubali kushikishwa ya rafiki hata kwa picha. Kushika tu kunaweza kuhesabiwa kumiliki, na hatia ya silaha ni miongoni mwa mambo yanayomfukuzisha mtu nchini, hata mwenye grini kadi.

Anayeruhusiwa akienda dukani atajaza Fomu 4473 na kukaguliwa kupitia mfumo wa FBI ulioanza mwaka 1998. Kwa bunduki ndefu umri ni miaka 18. Jaza ukweli mtupu. Uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai lenyewe, na kamwe usimnunulie mtu mwingine ukijifanya ni yako.

Silaha za kindi ni mbili za kawaida. Ya kwanza ni shotigani, inayotema marisawa, zile punje ndogo nyingi. Geji 20, yaani kipimo cha upana wa mtutu, inatosha kabisa, kwa punje namba 6 au 5. Ya pili ni raifo ndogo ya .22, kipimo cha unene wa risasi yake kwa inchi. Raifo inahifadhi nyama kwa sababu unalenga kichwa, risasi zake ni rahisi, kelele yake ni ndogo. Hata hivyo anayeanza nampendekezea shotigani, na sababu ni moja. Kindi yuko juu, kwa hiyo unaelekeza mdomo wa bunduki angani. Punje namba 6 zikikosa zinaanguka ndani ya mita mia mbili na kitu. Risasi ya .22 ikikosa, na nyuma ya kindi hapakuwa na shina wala kilima, inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2 kabla ya kutua, na hujui inatua kwa nani. Mwenye .22 anafyatua kindi akiwa amebanwa kwenye shina nene au yuko chini, na akimwona kwenye kitawi chembamba na anga tupu nyuma yake, anamwacha. Hakuna kindi mwenye thamani ya risasi isiyojulikana inakokwenda.

Kuna njia ya tatu kwa asiyetaka bunduki ya baruti, nayo ni bunduki ya upepo. Sheria ya shirikisho haiihesabu kuwa silaha ya moto. Majimbo ndiyo huamua kama inaruhusiwa kuwindia na kwa ukubwa gani wa risasi, kwa hiyo rudi kwenye mwongozo.

Msituni

Kentucky ina aina mbili unazoruhusiwa: kindi wa kijivu, wa kama nusu kilo, na kindi mkubwa mwenye tumbo la rangi ya kutu, anayeweza kukaribia kilo moja. Wa kijivu anapenda msitu mnene. Huyu mkubwa utamkuta pembezoni, kwenye vikundi vya miti kando ya mashamba ya mahindi.

Agosti na Septemba tafuta mihikori. Aina moja haikosei: gome lake limebanduka kwa vipande virefu vinavyoning'inia kwenye shina. Kindi huanza na kokwa zake kabla hazijadondoka. Fika eneo hilo mchana wa siku iliyotangulia, uangalie chini. Ukikuta ardhi imetapakaa vipande vya maganda mabichi, yenye alama za meno, ndani bado peupe, hapo pana karamu inayoendelea. Vipande vilivyokauka na kuwa vyeusi ni vya karamu iliyokwisha.

Kesho yake uwe umekaa kabla jua halijachomoza, mgongo ukiegemea mti mpana kuliko mabega yako ili umbo lako lipotee. Halafu tulia kabisa. Dakika kumi au kumi na tano za kwanza msitu unakujua upo. Baada ya hapo ndege wanarudi kuimba na kindi wanashuka kutoka kwenye viota. Mara nyingi utasikia kabla ya kuona: vipande vya maganda vinadondoka juu ya majani, kimoja, viwili, kimya, kisha vingi mfululizo. Usiinue kichwa haraka. Fuata sauti hadi kwenye taji la mti, tazama tawi linalotikisika bila upepo. Upepo mkali ni adui wa siku nzima, kwa sababu kila tawi linatikisika na kindi mwenyewe anajificha. Asubuhi baada ya mvua ni bora, majani yaliyolowa hayapigi kelele chini ya viatu.

Kindi akikuona atazunguka shina na kubaki upande wa pili. Ukizunguka, naye anazunguka. Wawili mnamshinda: mmoja anakaa kimya, mwenzake anatembea taratibu upande wa pili, na kindi anajileta mwenyewe kwa aliyekaa. Mkifanya hivyo, kila mmoja lazima ajue mwenzake yuko wapi kabla ya kuinua bunduki. Ukiwa peke yako, tupa kijiti upande wa pili wa mti.

Ukimpiga mmoja usisimame kumfuata. Kariri alipoangukia, kwa kisiki au jani fulani jekundu, ubaki umekaa. Mlio mmoja hauwafukuzi wote, na dakika 20 baadaye wengine wanatoka tena. Hili ndilo gumu kwa vijana kuliko kulenga shabaha.

Kuanzia Oktoba mialoni inachukua nafasi, na hapo utaona jambo la ajabu. Kokwa za mwaloni mweupe huchipua vuli ile ile zinapodondoka, kwa hiyo kindi huzila mara moja, au hung'ata na kutoa kiini kabla ya kuzifukia ili zisiote. Kokwa za mwaloni mwekundu hungoja majira ya kuchipua, na hizo anazifukia nzima kwa akiba. Mwindaji anayejua hili, mapema vuli anakaa chini ya mialoni meupe. Katikati ya baridi anatafuta mahali ambapo majani yamefukuliwa, chini ya mialoni myekundu.

Novemba msitu unajaa wawindaji wa kulungu. Siku ambazo msimu wao wa bunduki uko wazi, Kentucky inamlazimu hata mwindaji wa kindi avae rangi ya chungwa inayong'aa kichwani, kifuani na mgongoni. Kwenye ardhi ya umma mimi ningeivaa siku zote za msimu. Kindi havutiwi wala haogopeshwi nayo kama unatulia.

Joto la Agosti lina maudhi yake. Kupe ni wengi, na yule mwenye doa moja jeupe mgongoni anaweza kumwachia mtu mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Ingiza suruali ndani ya soksi, paka dawa, ujikague mwili mzima jioni. Nyoka wenye sumu wapo pia, kwa hiyo usipeleke mkono nyuma ya gogo usikokuona.

Kuchuna na kupika

Joto huharibu nyama haraka, hivyo mpasue na kutoa matumbo mapema. Vaa glovu. Kindi wa mwanzo wa msimu huwa na uvimbe chini ya ngozi wenye mabuu makubwa ya nzi. Yanachukiza kuyatazama, lakini hukaa kwenye ngozi na hutoka nayo, nyama iliyo chini ni salama. Ukiona ini lina madoa meupe, au mnyama alikuwa mlegevu kabla ya kupigwa, mtupe mzima mzima.

Kabla ya kuchuna mloweshe kwa maji. Manyoya makavu huganda kwenye nyama na hayatoki. Mgeuze mkia juu, kata chini ya mkia kupitia mfupa wake, lakini ishia hapo, ngozi ya mgongoni ibaki imeshikamana na mkia. Endeleza mkato kidogo kila upande juu ya mapaja. Sasa kanyaga mkia kwa kiatu, karibu kabisa na mwili, shika miguu ya nyuma na uvute juu kwa nguvu moja iliyo sawa. Ngozi ya mgongo na mikono inavuka kama fulana. Baki la tumboni na mapajani unalivuta upande wa pili, mithili ya kumvua suruali mtoto, kisha kata kichwa na makucha. Ukizoea ni kazi ya dakika mbili. Kagua kila tundu la marisawa: punje huingia na kishungi cha manyoya, toa vyote viwili kwa ncha ya kisu, usije ukavunja jino mezani.

Ubongo usiuguse. Wazee wa Kentucky waliula, lakini mwaka 1997 madaktari waliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa wa magharibi mwa jimbo waliopata ugonjwa wa ubongo na ambao walikuwa walaji wake. Uhusiano haukuthibitishwa, ila hakuna sababu ya kujaribu. Nyama yenyewe ipike hadi nyuzi 74 za Selsiasi ndani. Kwa Waislamu, wanazuoni wametofautiana kuhusu kindi na kuhusu mnyama aliyeuawa kwa bunduki, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla ya msimu, si ukiwa umeshamshika.

Kindi mchanga, ambaye masikio yake yanapasuka kirahisi, anafaa kukaangwa. Mzee mchemshe kwanza kwa saa moja na nusu au mbili na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, hadi nyama ianze kuachia mfupa. Supu hiyo usiimwage. Kaanga vitunguu na nyanya hadi zipondeke, rudisha nyama na supu yake, weka pilipili na ndimu mwishoni. Ladha yake iko kati ya kuku wa kienyeji na sungura, na kwa mbali inasikika kokwa alizokuwa akila. Wanne wanatosha familia ya watu watano na ugali au fufu. Wapikaji wa Kentucky nao waliwatia kwenye mchuzi wao mzito uitwao burgoo pamoja na mahindi, viazi na maharage, na ukimpelekea jirani Mmarekani mzee bakuli la wa kwako, kuna uwezekano mkubwa akakuambia mama yake alipikaje.